Spishi Tano Zinapohesabika Moja

Barua za wasomaji kuhusu viumbe safari hii ni kumi na tisa. Nane zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, nimeziunganisha. Mbili zinanisahihisha: moja ina haki, nyingine nimeiweka kando mpaka hasira zishuke, zake na zangu. Na ipo bahasha iliyofika na wadudu ndani. Hiyo nitaifungua mwisho, maana inanuka.

Mwalimu, shikamoo. Niko sekondari. Kitabu kinasema "jamii ya viumbe", mwalimu wetu anasema "mfumo wa ikolojia", na kwenye mtihani wanatuuliza "bayoanuwai". Je, si kitu kimoja? Na sehemu moja ikiwa na spishi nyingi kuliko nyingine, si tumeshajua ipi ina bayoanuwai kubwa zaidi?

Marahaba, mwanangu. Ni vitu vitatu. Chukua bwawa. Vyura wote wa spishi moja, yaani aina moja, waliomo bwawani ni kundi. Vyura hao pamoja na mbu, konokono, samaki, mwani na bakteria wa kwenye tope ni jamii ya viumbe: walio hai wote wanaokutana mahali pamoja, wawe wanalana, wanagombania, wanafaana au wanapishana tu. Ukiongeza maji yenyewe, jua, tope na chumvichumvi zake, hapo umefika kwenye mfumo wa ikolojia, jina alilolileta Arthur Tansley mwaka 1935. Bayoanuwai si mahali wala kundi. Ni sifa ya hayo yote, yaani namna yalivyo ya aina aina. Kwa mtihani, hayo yanatosha.

Swali lako la pili ndilo lililonila miaka. Nimehesabu wadudu kwa miaka thelathini na moja, wengi wao nondo waliovutwa na taa kwenye shuka jeupe, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi kwenye madaftari ya vijana ni hilo lako: kuandika majina, kuhesabu mistari, kufunga daftari, kwenda kulala.

Tuseme una viwanja viwili vya nyasi. Katika kila kimoja umekamata wadudu 100, na katika kila kimoja umepata spishi 5. Kiwanja cha kwanza kina wadudu 20 wa kila spishi. Cha pili kina panzi 96, mbawakawa mmoja, kipepeo mmoja, sisimizi mmoja na nyigu mmoja. Orodha zina urefu uleule. Lakini hebu ingia kwenye kiwanja cha pili ukae. Utaona panzi, na panzi, na panzi tena. Huyo nyigu utamngoja mpaka kiuno kikuume.

Kwa hiyo tunapima mambo mawili kwa pamoja: wingi wa spishi, na ulingano wa idadi zao. Njia ninayoipenda ni ya Edward Simpson, ya mwaka 1949, kwa sababu unaweza kumweleza mtoto. Funga macho, chukua mdudu mmoja, mrudishe, kisha chukua mwingine. Kuna uwezekano gani wawili hao wawe spishi moja? Katika kiwanja cha kwanza kila spishi ni 0.2 ya wote, 0.2 mara 0.2 ni 0.04, na ziko tano, jumla 0.2. Katika kiwanja cha pili, panzi peke yao ni 0.96 mara 0.96, yaani 0.9216, wale wanne wapweke wanaongeza 0.0001 kila mmoja, na jumla inafika 0.922. Sasa gawanya 1 kwa kila jibu. Kiwanja cha kwanza kinakupa 5. Cha pili kinakupa 1.08. Yaani hesabu inakuambia kwamba kiwanja chenye spishi tano kwenye karatasi kinaishi kama chenye spishi moja na kivuli chake.

Simpson, kwa taarifa yako, hakuwa mtu wa wadudu. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alikuwa Bletchley Park, Uingereza, akivunja maandishi ya siri ya maadui. Ukitafuta kama herufi zimejirudia kuliko bahati inavyoruhusu, hesabu yake ni ndugu wa kuuliza kama wadudu wawili ni wa aina moja. Na kipimo kingine tunachokitumia sana, cha Claude Shannon cha mwaka 1948, kilitungwa kwa ajili ya ujumbe unaopita kwenye nyaya za simu. Sisi wa ikolojia ni waazimaji wakubwa, na hatujarudisha.

Mwalimu, katika toleo lililopita uliandika kwamba jamii yenye spishi tano zilizo sawa ina kipimo cha Shannon cha 0.70. Mimi nimepata 1.61. Nimerudia mara tatu. Nani amekosea?

Mimi. Kikokotoo changu kina vitufe viwili vya logi vilivyokaa bega kwa bega, nami nilibonyeza ile ya msingi wa kumi badala ya logi asilia. Si dhambi kutumia ya msingi wa kumi, mradi useme. Dhambi yangu ilikuwa ya pili: nilichukua hiyo 0.70 nikailinganisha na 1.5 ya ripoti ya mtu mwingine, aliyetumia logi asilia, nikatangaza kwamba eneo letu ni fukara. Halikuwa fukara. Lililinganishwa futi kwa mita. Nawaomba radhi wote waliolisoma, na hasa kijana aliyelihesabu eneo lile kwa wiki sita.

Kwa wasiokuwa na toleo hilo, njia ni hii: chukua sehemu ya kila spishi, izidishe kwa logi asilia yake, jumlisha zote, kisha ondoa alama ya kutoa. Kiwanja cha kwanza cha mfano wa hapo juu kinatoa 1.61, kile cha panzi kinatoa 0.22. Namba hizo zikiachwa hivyo hazisemi kitu kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo zirudishe kutoka kwenye logi kwa kitufe cha e^x. 1.61 inakuwa 5 kamili, na 0.22 inakuwa 1.25.

Mwenye macho ameshaona kwamba Simpson alitupa 1.08 na Shannon anatupa 1.25 kwa kiwanja kilekile. Hawagombani. Shannon anawasikiliza zaidi wale wapweke wanne. Simpson anawatazama wenye wingi. Na ukihesabu majina tu, unapata 5. Mwaka 1973 M. O. Hill alionyesha kwamba tatu hizi ni ngazi za kipimo kimoja, na tofauti yake ni uzito unaowapa walio adimu. Tangu nilipomwelewa Hill, naandika zote tatu kwenye ukurasa mmoja. Pengo kati ya 5 na 1.08 ndilo habari yenyewe.

Tulifundishwa kwamba spishi mbili haziwezi kuishi kwa riziki moja mahali pamoja. Lakini mti ulio mbele ya darasa letu una aina tatu za ndege wadogo, wote wanakula wadudu, na sijaona hata mmoja akifukuzwa. Aliyetufundisha alikosea?

Hapana, alikatisha hadithi katikati. Msingi wake uko kwenye kitabu cha Georgy Gause cha mwaka 1934. Alifuga vijidudu vya majini vya jenasi ya Paramecium ndani ya mirija. Paramecium aurelia peke yake alistawi, na Paramecium caudatum peke yake alistawi. Alipowaweka pamoja kwa chakula kimoja, aurelia alibaki na caudatum akaisha. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Lakini Gause alimchukua caudatum huyohuyo aliyeshindwa akamweka na Paramecium bursaria, na wote wawili wakaendelea. Mmoja alikula bakteria walioelea juu, mwingine akala hamira iliyotuama chini. Mrija ni uleule, lakini riziki zilikuwa mbili.

Hiyo ndiyo tunayoiita nafasi ya kiumbe. Si mahali anapolala tu. Ni anakula nini, wapi, saa ngapi, na nani anamla yeye. Robert MacArthur aliwatazama ndege wadogo wala wadudu wa spishi tano kwenye misonobari ya kaskazini mashariki mwa Marekani, akachapisha kazi yake mwaka 1958. Kwa mbali wote walikuwa "kwenye mti". Kwa karibu, mmoja alishinda zaidi kwenye ncha za nje huko juu, mwingine katikati kuelekea shina, mwingine matawi ya chini. Hata namna ya kuruka kutoka tawi hadi tawi ilitofautiana. Kwa hiyo kazi yako ni hii: chora huo mti, ugawe juu, kati na chini, nje na ndani, na kila nusu dakika weka alama mahali ndege alipo. Asubuhi nne, kwa muda wa saa mbili kila moja, zitakupa zaidi ya barua yangu.

Ila kutazama kuna mpaka wake. Unaweza kuona ndege wamegawana mti usijue kama wanasukumana au kila mmoja anapenda tu alipo. Ili ujue, inabidi umtoe mmoja. Joseph Connell alifanya hivyo kwenye pwani ya Uskoti, na vijinyama vya magamba vinavyoganda kwenye miamba, wale wanaokwaruza miguu yenu mkipanda mawe ya baharini. Spishi moja ilikaa juu, penye ukavu mrefu maji yakipwa. Nyingine ilikaa chini. Connell aliwabandua wa chini. Wale wa juu, waliodhaniwa kupenda juu, wakakaa chini wakaishi vizuri. Kumbe walikuwa wakisukumwa, wakifunikwa na kung'olewa na majirani waliokua haraka kuliko wao. Alichapisha mwaka 1961. Nafasi ambayo kiumbe angeiweza ni kubwa. Nafasi anayobakiwa nayo ni ndogo.

Mwaka huohuo G. Evelyn Hutchinson alitupia fumbo lililo gumu kuliko ndege wako: ndani ya maji yaleyale, yenye virutubisho vichache vinavyogombewa na wote, zinawezaje kuishi spishi nyingi za planktoni za kijani, vile vijimea vidogo sana vinavyoelea majini? Jibu lake lilikuwa kwamba maji hayatulii. Kabla ya mshindi kumaliza kushinda, hali imebadilika na mshindi amekuwa mwingine. Nalipenda jibu hili kwa sababu linakubali kwamba ulimwengu hauna subira ya kungoja mahesabu yetu yaishe.

Bi Mkubwa, nina swali la ubishi. Katika viumbe wote hawa, si lazima wengine wawe hawana kazi? Tukimtoa mmoja, nani atajua?

Hizi ndizo zile barua nane, na hii ndiyo iliyoandikwa kwa ufupi kuliko zote. Mwanangu, ubishi wako alishaujaribu mtu kwa mikono yake.

Robert Paine alianza mwaka 1963, kwenye miamba ya Mukkaw Bay, pwani ya jimbo la Washington huko Marekani. Alichagua kipande cha mwamba chenye urefu wa mita 8 na kimo cha mita 2. Kila alipokwenda aliwabandua viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, wa spishi moja, Pisaster ochraceus, na kuwatupa baharini. Kipande cha jirani hakukigusa. Sasa fikiri kama unavyofikiri wewe: kiti cha pweza ni mla wanyama wengine. Anakula kome, konokono, vijinyama vya magamba, chochote kilichoganda. Ukimtoa, wanaoliwa si watapumua na kuongezeka aina?

Walipumua, kwa muda mfupi. Kisha kome wakaanza kutanda. Kome ndiye hodari wa kushika mwamba kuliko wengine wote, na aliyekuwa anamzuia alikuwa ameshatupwa majini. Wakatanda, wakafunika, mwani ukakosa pa kushika, na wanaokula mwani wakaondoka. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1966, spishi zilizokuwa 15 zilikuwa zimeshuka hadi 8. Kipande cha jirani, chenye mla wanyama wake, kilibaki na mchanganyiko wake.

Soma tena hapo. Aliyeondolewa ni mmoja. Walioondoka baada yake ni wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyeondolewa na Paine. Mwaka 1969 aliipa spishi ya namna hii jina la lile jiwe linalokaa juu kabisa katikati ya tao: halina uzito kuliko mengine, lakini likitoka, tao linakuja chini. Mimi huiita spishi mhimili. Na angalia kosa ambalo kipimo cha Simpson kingetusababishia: viti vya pweza walikuwa wachache. Kwenye hesabu ya 0.96 na 0.01 wangekuwa upande wa 0.01. Ndiyo maana nasema kila mara, hesabu ya majina haitoshi, na hesabu ya vichwa nayo haitoshi. Lazima ujue nani anamla nani.

Mfano wa pili ni fisimaji wa baharini wa Pasifiki ya kaskazini. Waliwindwa kwa ajili ya manyoya mpaka wakakaribia kuisha, na wakawekewa ulinzi wa mkataba mwaka 1911. Wakarudi visiwa vingine, vingine hawakurudi. James Estes na John Palmisano walivilinganisha visiwa hivyo huko Aleutian, Alaska, wakaandika mwaka 1974: penye fisimaji, chini ya maji kuna msitu wa mwani mrefu, pasipo na fisimaji, kuna zulia la wale wanyama wa mviringo wenye miiba, na mwani umetafunwa mpaka mwamba. Fisimaji hali mwani. Anamla anayeula mwani.

Kuhusu mbwa mwitu wa hifadhi ya Yellowstone, Marekani, waliorudishwa mwaka 1995, ambao barua tano kati ya nane zimewataja: ninaomba tuwe wapole. Ni kweli kurudi kwao kulibadilisha mengi. Lakini hadithi inayozunguka, kwamba mbwa mwitu wachache walifufua bonde zima na hata mito ikabadilisha njia, imetiwa chumvi. Kulungu walipungua pia kwa sababu ya wawindaji na dubu, na kuna mahali miti ya kandokando ya vijito haikurudi kabisa, kwa sababu wanyama wajengao mabwawa kwa magogo walikuwa wameshapotea na vijito vimeshachimbika kwenda chini. Kumtoa mhimili ni kazi ya siku moja. Kumrudisha hakurudishi lazima tao.

Mfano wa mwisho naupenda kuliko yote, kwa sababu unamfedhehesha kila anayejiona mjanja, nami nikiwemo. Kwenye nyanda za Laikipia, Kenya, kuna migunga yenye vinundu vitupu kwenye miiba, ile inayopiga mluzi upepo ukivuma. Ndani ya vinundu wanakaa sisimizi. Mti unawapa nyumba na utomvu mtamu. Wao wanamuuma kila anayekuja kutafuna majani. Watafiti walizungushia uzio baadhi ya migunga hiyo, tembo na twiga wasiifikie. Mimi ningekuambia papo hapo kwamba miti ya ndani ya uzio itanenepa. Baada ya miaka kumi, miti isiyoliwa ilikuwa imepunguza nyumba na utomvu, kwa kuwa hapakuwa na adui wa kulipia ulinzi. Sisimizi walinzi wakadhoofika. Mahali pao pakachukuliwa na sisimizi wa spishi nyingine wasiojali vinundu, wanaokaa kwenye matundu yanayochimbwa na mbawakawa ndani ya shina. Miti ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyoachwa iliwe. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2008. Twiga anakula mti, na kumzuia twiga kukauumiza mti.

Kwa hiyo, "nani atajua?" Pengine hakuna. Si kila spishi ni mhimili, na ziko zinazoweza kuondoka na nyingine ikashika kazi yake. Tabu ni kwamba ukiangalia kutoka nje huwezi kuzitofautisha. Paine mwenyewe ilibidi abandue kwanza.

Nimeweka mitego ya shimo kumi kwa wiki mbili na nimepata spishi 23 za mbawakawa. Nitajuaje kama nimezimaliza?

Hujazimaliza. Swali ni umebakiza ngapi, na hilo linajibika kuliko unavyodhani.

Alexander Steven Corbet alikusanya vipepeo katika nchi ya Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, akarudi na jedwali la ajabu: spishi 118 alizipata mara moja tu, 74 mara mbili, 44 mara tatu, na kuendelea. Akamwendea mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher, na kazi yao pamoja na C. B. Williams ikatoka mwaka 1943. Kilichomshangaza Corbet ni kile mkia wa wapweke. Kama spishi nyingi umeziona mara moja tu, basi ni bahati iliyokuonyesha hizo, na lazima ipo bahati nyingine iliyokuficha zilizobaki. Baadaye, mwaka 1984, Anne Chao alitoa njia fupi ya kukisia zilizojificha: chukua idadi ya spishi zilizoonekana mara moja, izidishe yenyewe, gawanya kwa mara mbili ya zile zilizoonekana mara mbili. Kwa vipepeo vya Corbet: 118 mara 118 ni 13,924; gawanya kwa 148, unapata 94. Na hiyo ni sakafu, si dari.

Sasa rudi kwenye daftari lako uhesabu wapweke. Ikiwa hukuandika kila spishi umeipata mara ngapi, ila jina tu, basi samahani, weka mitego tena. Na tafadhali mitego yote iwe na kina kimoja na ifunguliwe saa ileile. Mimi niliwahi kutumia msimu mzima fremu ya mbao ya nusu mita kila upande kuhesabia mimea, bila kugundua kwamba msumari wa kona moja umelegea na fremu imelala upande. Pande zilibaki nusu mita; eneo la ndani lilikuwa limepungua. Mimea yangu "ilipungua" mwaka ule, nikaandika na sababu.

Eneo likiungua au kufagiliwa kabisa, viumbe hurudi vilevile?

Mara nyingi idadi hurudi, majina hubadilika. Daniel Simberloff na Edward O. Wilson walivifunika vijisiwa vya mikoko huko Florida kwa mahema, wakawaua kwa gesi wadudu na buibui wote, kisha wakangoja. Walichapisha mwaka 1969. Chini ya mwaka mmoja, isipokuwa kile kilichokuwa mbali zaidi, vijisiwa vilikuwa vimerudia karibu idadi ileile ya spishi. Lakini nyingi hazikuwa zile za mwanzo. Kiti kimejaa, aliyekaa ni mwingine.

Na wa kwanza kufika si lazima awe mmea kama vitabu vinavyochora. Kisiwa cha Krakatau, Indonesia, kililipuka kwa volkano Agosti 1883. Mei 1884 mtafiti aliyepita akitafuta dalili ya uhai alikuta buibui mmoja mdogo sana, peke yake, anasuka utando. Buibui wadogo husafiri angani kwa uzi wao. Huyo alitandika mtego mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kunasa, na kila nikimfikiria namhurumia upya.

Mwalimu, nakutumia mbawakawa niliowakamata usiku mmoja. Sijui ni wangapi kwa sababu nilipofungua chupa walikuwa wameshavunjika. Naomba unihesabie.

Hii ndiyo bahasha. Njiani imekanyagwa au imekaliwa, kwa hiyo kilichonifikia ni vipande vya kahawia. Usijaribu kujumlisha vipande. Kila mbawakawa ana miguu sita na utamhesabu mara sita. Chagua kiungo ambacho kila mmoja anacho kimoja tu. Nilianza na vichwa: 6. Kisha nikatenga mabawa magumu ya juu, ya kulia huku, ya kushoto huku, kwa kuangalia ukingo uliokaa katikati ya mgongo. Ya kulia 5, ya kushoto 9. Kwa hiyo walikuwa angalau 9, na vichwa vitatu vimebaki kwako chupani au viko sakafuni mwa posta. Mabawa 8 kati ya hayo 9 ni ya spishi moja yenye mistari. La 9 ni laini, jeusi, bila mstari hata mmoja. Safari nyingine watie kwenye kiboksi kigumu chenye pamba, na unitafutie mwenzake huyo mweusi.